Nikeli Niliyoiosha

Kwetu Mgeta karoti haipandi lori na udongo wake. Unaiosha mtoni mpaka ing'ae, ndipo mnunuzi wa Dar aiangalie. Nilishuka Morogoro mjini na darasa langu la saba na tabia hiyo, nikapata kazi ya kuosha vyombo kwenye maabara ya kiwanda cha mafuta. Ilikuwa miaka ile mashirika ya umma yakiuzwa.

Pale tuligeuza mafuta ya alizeti yawe ya kuganda. Yaliganda kwa gesi ya hidrojeni na unga mweusi wa nikeli. Bila nikeli, gesi na mafuta vinatazamana tu. Lakini nikeli mpya ilikuwa haiagizwi tena. Tulibaki na kopo moja la iliyokwisha kutumika.

Mkemia wetu, mama wa makamo, aliamini bado ina nguvu. Wiki nzima alikokotoa kwenye kompyuta: moto kiasi gani, gesi kiasi gani.

"Masaa matatu tu, yataganda," akaniambia. "Mnunuzi wa kiwanda akiyaona, kitengo chetu kinabaki. Yasipoganda, tukalime."

"Mimi nina karoti zangu, mama. Wewe je?"

"Nitakubebea tenga."

Tukacheka. Mimi nilishajiona ndani ya koti jeupe.

Siku moja kabla ya mnunuzi kuja, mkemia akiwa ofisi kuu, nikafungua kopo. Nikeli imegandamana na mafuta machafu, aibu tupu. Nikaiosha kwa maji ya moto na sabuni, mara tatu, nikaianika kwenye sinia. Ilipokauka ikawa ya moto, hata nilipoihamishia kivulini. Nikasema, jua la Morogoro hilo.

Kesho yake nikaitia mwenyewe kwenye mtungi wa majaribio, mkemia akimwonyesha mgeni mageji. Masaa matatu yakapita, yakafika matano. Mafuta yakatoka maji vilevile. Mnunuzi akainamisha kikombe huku na huku.

"Mama, yaliyoganda nitayaleta kutoka nje," akasema kwa upole. Akashukuru kwa chai, akaondoka.

Siku tatu mkemia alirudia hesabu zake akitafuta kosa. Nilimpelekea chai, nikijiuliza kama kuosha kwangu kulihusika. Siku ya nne akasema, "Labda mimi si mkemia kitu."

Nikashindwa kuvumilia. "Mama, niliiosha."

"Uliosha nini?"

"Nikeli. Ilikuwa chafu."

"Ukaianika?"

"Nikaianika."

Akanieleza taratibu kwamba yale mafuta ndiyo yaliyoikinga na hewa. Ikipigwa na hewa inaungua yenyewe, ndilo joto nililolisikia, na haifai tena.

"Kumbe hesabu zilikuwa sawa," akasema. Hata hakunikemea.

"Tumwite mnunuzi tumweleze, mama."

"Tumwonyeshe nini? Kopo lilikuwa moja."

Akazima kompyuta, akaifunika kitambaa. Ijumaa tukapewa barua za kuachishwa kazi, kila mtu yake.