Nani Alisema Kwanza "Farasi Kashasema"?

Wewe unayesoma hapa, kuangalia pembeni unakujua sana.

Neno tamu likipita unalidaka. Unatamba nalo kazini, unalivaa kwenye fulana. Aliyelizaa akipita, ghafla una shughuli na simu.

Tulia, sijakufukuza. Leo utacheka kwanza, lawama utazibeba ukiondoka.

Mimi nimeshuhudia farasi akivunja hotuba ya diwani hapa Baltimore, mchana kweupe, mbele ya kamera.

Huku kwetu kila mtu anasema "farasi kashasema." Maana yake ubishi umeisha, funga mdomo, twende. Kinyozi anasema. Mchungaji anasema. Mtoto akilia aongezwe aiskrimu, mama yake anamwambia hivyo hivyo.

Basi jiji likaamua kuipa baa moja ya mtaani kwetu kibao cha shaba. Kiandikwe kwamba msemo huo ulizaliwa humo ndani, kinywani mwa mtangazaji wa besiboli aitwaye Chip Hollander, alipokuwa akinywa bia.

Bia.

Nilitamani kutafuna ukuta. Mimi nimekulia mtaa huu. Hollander hajaanza hata kutangaza, sisi tulishausema tukirudi shule. Tuliusikia kwa Bi Odessa Purnell, anayeuza pichi na matunda mengine kwa mkokoteni wa farasi, njuga zikilia kutoka kona ya mbali.

Miaka miwili nimempigania yule mama. Nimebandika mabango. Nimetolewa kwenye vikao vya jiji mpaka walinzi wakanizoea, wananiuliza habari za mguu wangu unaoniuma.

Siku ya kuzindua kibao nikawahi zizini kwake.

"Bi Odessa, leo wanakuibia hadharani. Twende."

"Wanaiba pichi?"

"Wanaiba msemo wako."

"Msemo hauozi, Vernell. Pichi zinaoza. Hebu nishikie hii ndoo."

Nikashika ndoo. Ungefanyaje?

Nikaenda peke yangu na kipaza sauti changu. Diwani Fairbank alikuwa ameshapanda jukwaani, tai imembana kama kuku wa sikukuu. Kibao kimefunikwa kitambaa cha buluu. Hollander mwenyewe kakaa mbele, anatabasamu kama bwana harusi.

Lakini waandaaji walikuwa wamefanya kosa ambalo mtu wa mtaani hawezi kulifanya. Jukwaa wameliweka mbele ya ngazi za marumaru za jirani wa baa, Bi Lucille Pettiford.

Pale ni kituo cha Delphine.

Delphine ni farasi jike wa Bi Odessa. Mlango wa kila mteja anaujua, haelekezwi. Akifika anasimama mwenyewe. Na mkibishana bei mpaka akachoka, anaondoka mwenyewe, na Bi Odessa hamzuii. Delphine akishanyanyua mguu, bei ni ileile, ukitaka kimbia nyuma ukanunue.

Basi diwani yuko katikati ya "urithi wetu mkubwa," tukasikia njuga.

Delphine akaja taratibu, akapasua watu, akasimama pua yake ikigusa kitambaa cha buluu.

"Mama, tuna shughuli hapa," diwani akasema.

"Mwambie yeye," Bi Odessa akajibu, anapanga matikiti.

Mlango ukafunguka. Bi Lucille huyo, miaka themanini na minane, gauni la kulalia na kofia ya kanisani. Hakumtazama diwani wala kamera.

"Odessa, hizi pichi ni ndogo kuliko za juzi."

"Macho yako ndiyo yamekua, Lucille."

"Nipunguzie."

"Juzi nilikupunguzia, ukaenda kunisema kwa kwaya nzima."

"Nilisema kweli. Zilikuwa chachu kama mume wako."

Watu wakaanza kuangua kicheko. Mpiga kamera akamgeuzia diwani mgongo. Diwani akajaribu kuendelea na urithi, lakini nani ana habari naye? Mimi kipaza sauti kiko mkononi, nimesahau kukiwasha, machozi ya kicheko yananitoka.

Bi Lucille akaminya pichi moja, akairudisha. Akaminya nyingine.

Delphine akashusha pumzi. Akauma kitambaa cha buluu, akanyanyua mguu, akaondoka nacho.

Kibao kikabaki uchi. Bi Lucille akautazama mkokoteni unavyokwenda, akatupa mikono juu.

"Haya basi. Farasi kashasema. Nipe sita kwa bei yako."

Nakwambia ule mtaa ulilipuka. Watu walikumbatiana na wasiowajua. Hollander mwenyewe alikuwa ameinama, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Nikamkimbilia Bi Odessa, nahema. "Umesikia? Kasema msemo wako."

Akanitazama kama mtu anayetazama tikiti bovu.

"Wangu tangu lini? Huyo Lucille ndiye mwenyewe. Alianza kusema siku aliyoshindwa na farasi wa baba yangu, mimi binti mdogo nimekaa juu ya magunia. Mimi nimeurudia tu, kumchokoza."

"Miaka miwili yote hii nabandika jina lako ukutani."

"Uliniuliza?"

Nikarudi mbio. Bi Lucille, ngazini, alikuwa anakula pichi.

"Mama, ni kweli?" nikamuuliza.

"Kwani wewe ulidhani ni nani aliyekuwa anashindwa kila wiki?"

Sasa sikiliza. Maneno matamu hayaanguki kutoka redioni. Yanatoka kwa watu wanaobishania pichi mlangoni. Halafu mwenye kipaza sauti anayaokota, na jina lake ndilo linaloandikwa kwenye shaba.

Kibao bado kipo na jina la Hollander. Hollander mwenyewe ameomba litolewe. Diwani anasema suala linashughulikiwa, na Bi Lucille anazidi kuzeeka.

Kwa hiyo ukiwa Baltimore, inuka sasa hivi, nenda ofisi ya diwani Fairbank, taja Lucille Pettiford, usiondoke mpaka wakisahihishe kibao.

Ukiwa mbali, hujasalimika. Kuna mama mmoja mtaani kwenu ambaye nusu ya mji wenu inaongea kwa maneno yake. Funga ukurasa huu, mfuate akiwa bado anajibu, muulize. Kisha litaje jina lake kwa sauti, leo.