Mshipa wa Fahamu

Mimi ni fundi cherehani. Miaka arobaini na moja nimeinamisha shingo juu ya nguo za watu, na sijapata kurudishiwa shati. Si kujisifu, waulize wenyewe.

Ganzi ilianza kidole gumba, ikahamia cha shahada. Nilidhani nimelalia mkono. Siku moja mkamwana wangu, ninayeshona naye chumba kimoja, akasema, "Mama, shati la mwalimu lina damu."

Nikatazama. Sindano ilikuwa imezama kidoleni, nami sina habari. Sikusikia uchungu. Niliitazama ile damu kama ya mtu mwingine.

"Matundu ya vifungo niachie mimi," akasema.

"Utayachukua siku nikifa."

Kwa maana matundu ndiyo kazi yangu. Kukanyaga cherehani, yeyote anaweza. Tundu la kifungo la kushona kwa mkono, hapana. Nikiyaachia yale, nimebaki kufagia vipande.

Hospitali nilikwenda kwa kusukumwa na mkamwana. Daktari, kijana wa juzi, akanigonga viwiko kwa kinyundo, akatazama picha ya shingo, akasema, "Bibi, mshipa wa fahamu umebanwa."

Nikasimama. "Fahamu zangu ninazo zote. Wewe ndiye uliyebanwa."

Nikatoka. Miezi miwili sikurudi. Nilikuwa nikiwataja wajukuu kimoyomoyo, nione kama yupo aliyenitoka kichwani. Hakutoka hata mmoja. Kilichonitoka ni mkono: kikombe kilianguka, kisha cha pili. Sikulia. Nilifagia.

Mkamwana ndiye aliyenifumbua macho. "Mama, hakusema una wazimu. Mshipa wa fahamu ni ule unaopeleka habari kidoleni. Wako umebanwa hapa shingoni, kwa kuinama."

"Na mbona hakusema hivyo?"

"Ulimpa nafasi?"

Kweli, sikumpa.

Nikarudi. Daktari hakucheka. Nikamuuliza neno moja tu: "Mtanipasua?" Akasema la, wengi hupata nafuu bila kisu, kwa vidonge, mazoezi na subira; mkono ukizidi kulegea, ndipo tutazungumza mengine. Akanipeleka kwa mama wa mazoezi, mwanamke mnene mwenye viganja vya moto. Yule akanilaza, akakishika kichwa changu, akakivuta polepole kama mtu anayetoa kizibo cha chupa ya kuazima. Kisha akanifundisha kurudisha kidevu nyuma.

"Fanya kama umemwona usiyempenda anakuja kukusalimia."

Nikafanya.

"Eh! Hili, bibi, umezaliwa nalo."

Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Mito miwili ya kulalia ikawa mmoja. Meza ya kazi za mkono tukaipandisha juu ya matofali, nguo inifuate machoni badala ya mimi kuifuata. Na kila nusu saa mkamwana anaita, "Mama, kidevu!" hata mbele ya wateja. Nikaimeza aibu.

Wiki ya saba gumba likaanza kuniwasha, hisi zinarudi. Cha shahada bado kimelala mpaka leo. Watu walinipongeza, nami nikaitikia. Ndani sikusikia kitu, kama moyo nao ulikuwa na mshipa wake uliobanwa.

Nikachukua shati jipya la mwalimu. Sindano nikaishika kwa gumba na kidole cha kati, kama mtoto anayeanza. Matundu matano, asubuhi nzima. Zamani hiyo ilikuwa kazi ya kabla ya chai.

Mkamwana akalipeleka dirishani, akaligeuza ndani nje. Akayapitia matundu moja moja.

"Manne ni yako, Mama. La tatu limepinda."

"Nimeliona kabla yako. Lete hapa."

"Nikusaidie hilo moja?"

Nikarudisha kidevu nyuma, sijui kwa zoezi au kwa kiburi, nikachukua wembe, nikaanza kulifumua.