Baba Hakuwa Mlevi

Kahawa iliyokobolewa ikikaa siku mbili ndani ya pipa la maji huchachuka, na harufu yake ni ya pombe. Sijui namna nyingine ya kuieleza. Kila msimu wa mavuno nyumba zote za huku kwetu, kwenye miteremko ya Meru juu ya Kikatiti, zilinuka hivyo. Nguo zetu zilinuka, na mikono ya baba ilinuka kuliko vyote, maana yeye ndiye aliyeziosha zile punje mferejini tangu alfajiri. Hakuna aliyemshangaa jirani kwa kunuka kahawa. Lakini mwaka nilipokuwa na miaka kumi, wakati wa Mwingereza, baba alianza kuyumba, na mtu anayeyumba huku akinuka vile, watu walikuwa wameshamaliza kesi yake kabla hajafika kwenye ibada.

Baba hakuwa ameonja pombe tangu kipaimara. Aliimba sauti ya nne kwenye kwaya na alijivunia jambo hilo kupita kiasi. Sasa alitembea ameitanua miguu kama anayevuka mto wenye mawe ya utelezi. Kila asubuhi aliamka na kichwa kinauma, akatapika kabla ya kula chochote, kisha jua likipanda akapata nafuu akaenda shambani. Jicho la kulia lilikuwa limeanza kufifia. Alinyoosha mkono kupokea kikombe cha uji akakikosa, nikakipeleka mwenyewe hadi kwenye vidole vyake. Dresa wa zahanati alimpa vidonge vya malaria. Vilipokwisha bila kusaidia, alimpa vingine vilevile. Wageni walikuja kila siku kumpa mama mawaidha juu ya mume mlevi, wakanywa chai yetu, wakaondoka wameridhika. Hadi leo nikikumbuka vikombe nilivyoosha mwezi ule, hasira inanipanda.

Jumapili moja baba alianguka akiwa amesimama na kwaya, akawaangusha wenzake wawili. Wiki hiyohiyo alikuja Mzee Eliamani, mzee wa kanisa, mtu mpole ambaye baba alikua naye. Alisema wamemtenga na meza ya Bwana mpaka atubu.

“Nitubu nini?” baba aliuliza.

“Unajua mwenyewe.”

“Sijui. Niambie, nitubu hicho.”

Shangazi Elieshi, dada yake baba, alimsihi akiri tu ili yaishe. Baba alisema hawezi kumdanganya Mungu ili kuwafurahisha majirani. Mama, aliyekuwa akimenya ndizi na mdogo wangu mgongoni, aliweka kisu chini. Alimwambia Mzee Eliamani kwa adabu zote kwamba aje kesho kabla hakujakucha, akae na baba siku nzima, ale anachokula na anywe anachokunywa, kisha aende akaseme alichokiona.

Namheshimu mzee yule kwa sababu alikuja kweli. Nilimwamkia shikamoo, nikamwekea kigoda. Alimwona baba akitapika tumboni hamna kitu. Alinusa uji kabla ya kuunywa, akaona aibu, akaunywa wote. Alimfuata kwenye migomba, mferejini, hata chooni alisimama nje akikohoa. Alasiri baba aliteleza akatumbukia mferejini, na mzee akaingia na viatu vyake kumtoa. Akaweka pua karibu na mdomo wa baba kama mtu anayemnusa mtoto mchanga.

“Hana kitu,” alisema. Macho yake yalikuwa yamelowa.

“Basi nenda ukaseme hivyo,” mama alimjibu.

“Nitasema, mama. Lakini kama si pombe, basi kuna mtu amemfanyia jambo.”

Mama alikaa chini palepale kwenye nyasi. “Umemtoa kwenye ulevi ukamtia kwenye uchawi,” alisema. “Kwa siku moja tu.”

Mzee Eliamani alilitimiza neno lake, na baba alirudishwa mezani. Nilimshika mkono mpaka mbele ya madhabahu, mama akamshika wa pili. Lakini kijiji kilikuwa kimeshapata kazi mpya ya kutafuta mchawi. Bibi, mama yake baba, alikufa kijana bado, haoni, akitembea kwa kushika kuta, na tangu zamani ilisemwa kwamba alirogwa. Mama alimwuliza kila aliyekuja kwa nini mama na mtoto waumwe ugonjwa mmoja. Walimjibu kwamba mchawi ni yuleyule. Aliacha kuuliza.

Alimpeleka baba Arusha kwa lori la kahawa, nami nikaenda kumsaidia kubeba mtoto. Daktari Mzungu alimulika jicho la baba kwa kitochi kidogo, akatazama muda mrefu, akamwita mwenzake naye akatazama. Wakazungumza sana. Mkalimani akatugeukia akasema, “Jicho ni bovu.”

“Maneno yote hayo ni kusema jicho ni bovu?” mama aliuliza.

Mkalimani alisema ndiyo, akaita mgonjwa mwingine. Baba alifariki kabla ya mvua za masika. Siku zake za mwisho hakuweza kukaa bila kushikwa, lakini sauti yake ya nne ilikuwepo, na aliitumia kutusahihisha tukiimba vibaya.

Mdogo wangu yule wa mgongoni alikua, akaoa, akafa kwa uvimbe wa figo. Sikuunganisha na baba. Figo na kuyumba, nani angeunganisha? Kisha mwanawe, Godlisten, akaanza kuona ukungu, nikamsindikiza hospitali. Daktari, binti mdogo tu, aliuliza habari za ukoo. Nikamweleza juu ya bibi, baba na mdogo wangu. Aliacha kuandika, akanitazama, akaniomba nirudie polepole. Ugonjwa wenyewe, alisema, unaitwa kwa majina ya madaktari wawili wa Ulaya, na mimi siwezi kuyatamka. Unarithiwa, ni wa nadra, huotesha uvimbe machoni, kwenye ubongo, kwenye figo. Kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi moja kati ya mbili ya kuupata. Mimi nilipimwa, sinao. Godlisten anao, na jicho lake lilitibiwa kwa mwanga likaokolewa. Nilitoka nje nikalia, nikiwa na hasira na watu waliokufa miaka mingi iliyopita.

Sasa Godlisten anatakiwa kupimwa kila mwaka, na binti zake wawili wapimwe pia. Mwaka huu hakwenda. Nikimpigia simu ananiambia, “Shangazi, mbona najisikia vizuri tu,” na kuhusu wasichana anasema wataogopa mashine. Mama yangu alikufa hajui kilichomuua mumewe, na alikuwa tayari kumpeleka popote ambako angejibiwa. Huyu amejibiwa kila kitu kwa Kiswahili fasaha, akaandikiwa na tarehe, na bado ana visingizio. Sijui nimkasirikie nani zaidi, wale ambao hawakujua au huyu anayejua. Basi nimeongea na mama wa watoto, amekubali. Jumatatu asubuhi nakwenda kwao Olasiti kuwachukua wale wasichana, na baba yao akitaka kunifokea atanifokea tukiwa kwenye foleni ya hospitali, maana nimemwambia naye avae viatu.