Mkoba Kwenye Kiti cha Katikati

Somo la mifumo endeshi ya kompyuta tulisomea ukumbi wa juu, ambako dirishani unaona kipande cha ziwa na magugu yake. Nilikuwa nimetoka shule ya upili juzijuzi tu. Siku ya kwanza mhadhiri alipoingia nilisimama, kama tulivyozoea, na nilisimama peke yangu. Watu walicheka, si kwa ubaya, lakini tangu hapo nikahamia safu ya nyuma na mdomo wangu nikaufunga.

Huko nyuma nilimkuta mama mmoja wa umri wa mama yangu, aliyerudi kusoma baada ya kulea watoto. Darasa zima lilimwita Mathe, yaani mama kwa lugha ya vijana. Alikaa pembeni, karibu na ukuta, na mkoba wake mweusi aliuweka juu ya kiti kinachofuata. Nikaelewa kwamba hataki kusongewa. Nikaupita mkoba, nikakaa. Hata waliochelewa, wakakosa viti, waliogopa kumwomba auondoe. Hivyo ndivyo tulivyokaa muhula wote: yeye, mkoba, mimi.

Kumsemesha nilishindwa. "Mathe" niliona ni kumkosea adabu. "Mama" nalo lilikuwa jina la yule anayenipigia simu kila Jumapili kutoka kijijini kwetu Asembo, akiuliza kama nimepata marafiki, nami namwambia wako wengi. Halafu kwetu mtoto hamwendei mkubwa na shida zake. Mkubwa ndiye anayekuita. Kwa hiyo nilikuwa nasema habari ya asubuhi, yeye anajibu, "Nzuri, nyathina," yaani mtoto wangu, na tunanyamaza mpaka kesho.

Chumba changu kilikuwa mtaa wa Manyatta, cha mabati. Majirani niliwajua kwa kicheko chao kabla sijawajua kwa sura. Kuna siku nililala nikakumbuka kwamba, ukitoa ile salamu, neno langu la kutwa nzima lilikuwa kumwambia muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kwamba nyanya sitaki.

Kisha mhadhiri akatangaza kazi ya maabara: tuandike programu mbili zinazotumia faili moja bila kuharibiana, na tuzionyeshe Ijumaa, wawili wawili. Kompyuta zilikuwa chache, kwa hiyo asiye na mwenzake asije. Na asiyekuja angerudia somo mwaka ujao. Kabla hajamaliza kufuta ubao watu walishageukiana. Kijana wa mbele akamtupia yule mama neno: "Mathe, wewe fanya na lecturer, ni wa rika lako." Mwenyewe yule mama akacheka pamoja nao. Mimi nilijifanya natafuta kalamu mpaka ukumbi ukabaki mtupu.

Jumatano tulifundishwa mkwamo. Programu moja imeshika kitu na inangoja cha pili. Nyingine imeshika hicho cha pili na inangoja cha kwanza. Hakuna iliyokosea. Nilidhani kompyuta itatoa onyo fulani, lakini mhadhiri alisema mara nyingi huoni chochote. Mashine imenyamaza tu, na kila mmoja ndani yake anaamini zamu yake inakuja. Hilo niliandika. Baada ya hapo sikuandika tena.

Niliangalia kando. Yule mama alikuwa na laptopu yake wazi, anatafuta herufi kwa kidole kimoja, na kwenye kioo hakukuwa na programu, ni mstari wa kwanza tu. Mimi laptopu sikuwa nayo. Programu zote mbili nilikuwa nimeziandika kwa kalamu.

"Samahani," nikasema, na sauti ikatoka kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. "Umepata mtu wa Ijumaa?"

Hakugeuka. "Nani atanitaka mimi? Nyinyi vijana mko na watu wenu."

"Mimi sina."

Sasa akanitazama, kuona kama namtania. Halafu akaushika ule mkoba. "Na hiki kiti, unafikiri namwekea nani tangu tufungue? Kila asubuhi nakuwekea, unapita."

"Nilifikiri hutaki nikae."

"Wee." Akaushusha mkoba sakafuni. "Kaa hapa. Leta hizo karatasi."

Ijumaa programu zetu zilipokezana ile faili bila kukwama. Mhadhiri aliangalia, akatikisa kichwa kukubali, akaenda kwa wengine. Yule mama naye ilibidi awahi kupikia watu wa nyumbani, akaniaga pale mlangoni. Nilirudi Manyatta, nikala omena yangu peke yangu, ng'ambo ya ukuta wakicheka kama kawaida.

Jumapili simu ikalia. Mama yangu akauliza kuhusu marafiki.

"Yuko mmoja," nikamwambia.

Akauliza wale wengi wameenda wapi.