Mstari wa Ukingoni

Kila asubuhi, kabla timu haijaanza kupanda mlima, fundi viatu alichuchumaa akakagua miguu ya kila mtu. Alibonyeza soli, akavuta kamba, akatoa hukumu. "Hivi ni viatu au ndala zenye kiburi?" alimwuliza mwalimu siku ya kwanza, kisha akamshonea kisigino palepale, bure. Akishamaliza, neno lake lilikuwa moja: "Mimi mstari wa mwisho, kule ukingoni mwa korongo. Nyie bado vijana, mna wa kuwalilia." Watu walicheka, wakamwachia.

Wote walikuwa wa kujitolea. Kiongozi wao, mtafiti wa mambo ya kale, aliwapanga safu moja, hatua tano kati ya mtu na mtu, wakatembea taratibu macho chini, kila msimu mistari ileile, kwani mvua ilifukua vigae vipya. Ukiona kigae cha chungu cha kale, unachomeka kibendera chekundu. Mwalimu, aliyekuja wakati wa likizo ya shule, alifuata nyuma akihesabu vibendera na kujaza fomu.

Huu ulikuwa msimu wa tano wa fundi, na kila mtu alijua kilichomleta. Miaka kumi na tisa iliyopita alipanda mlima huu na shemeji yake, kaka wa mkewe, wakienda kununua ngozi upande wa pili. Alirudi peke yake, akasema ukungu uliwatenganisha; shemeji hakuonekana tena. Mkewe ndiye aliyempangisha mwalimu chumba cha uani, na kila jioni aliwasubiri mlangoni.

"Leo mmeona hata kifungo chake, mwanangu? Nikipata hata mfupa nikauzika, nitalala."

Siku moja aliongeza, kama anayejisemea, kwamba wanaume wale wawili walikuwa na kibanda kimoja cha viatu, na mwezi mzima kabla ya safari hawakuwa wakisemeshana.

Ijumaa kiongozi alitangaza kuwa Jumatatu wachimbaji wangekuja kufungua makaburi ya kale, yale marundo ya mawe yaliyotapakaa mlimani. "Kila rundo liwe kwenye fomu," alisema. Wenzake walipokuwa wakila, mwalimu alifungua jalada la fomu za misimu yote akajumlisha. Mstari uliopakana na wa fundi ulikuwa na vigae ishirini na kitu kila mwaka. Wa fundi ulikuwa na sifuri. Miaka mitano, sifuri tupu.

Macho yake yamechoka, maskini, aliwaza. Hakutaka mtu mzima aumbuke mbele ya watu, basi akaondoka kimyakimya kwenda kuupitia mstari ule mwenyewe.

Ukungu ulikuwa unapanda kutoka korongoni. Vigae vilikuwa tele, hata kipofu angevikanyaga, na nyayo za fundi zilipita katikati yake bila kusita. Mwishoni kabisa palikuwa na rundo la mawe ambalo halikuwa kwenye fomu yoyote. Kiongozi aliwafundisha kwamba mawe yaliyokaa tangu kale huota madoa ya kijivu upande wa juani. Haya, kwa juu, yalikuwa safi. Mwalimu aliinua moja. Madoa yalikuwa chini. Mtu alikuwa ameyageuza, tena si zamani sana, kwa kuwa katikati yake kilichungulia kipande cha soli ya mpira.

"Lirudishe hilo, mwalimu."

Fundi alikuwa amesimama kwenye njia pekee ya kurudi. Sauti za wenzao zilikuwa zimemezwa na ukungu.

"Tumekutafuta," alisema kwa sauti ileile ya utani. "Chakula kinapoa, na wewe huku unapekua nyumba za watu."

Mwalimu alirudisha jiwe. Nyuma yake zilibaki hatua mbili, kisha korongo. Kalamu ilikuwa bado mkononi.

"Ukiandika, Jumatatu watalifungua," fundi alisema. "Mke wangu atapata wa kumzika. Na mimi ataniuliza." Alisogea hatua moja, akasimama. "Miaka yote hii napita hapa ili asipite mwingine. Nimechoka, mwalimu."

Mwalimu, ambaye hata kwenye kikao cha walimu hakuwahi kunyoosha mkono, alisikia sauti yake mwenyewe.

"Fundi, aliteleza akaangukia mawe?"

Fundi aliinama akaliweka sawa jiwe lile.

"Hapana. Nilimsukuma."