Magoti Mawili Chini ya Mulanga

Vho-Tshinakaho alikuwa hamwamini mtu, na mimi niliyetembea nyuma ya misafara yake ya kutembeza wageni porini miaka tisa, bunduki begani, siwezi kusema kwamba alinitoa katika hesabu hiyo. Akikuta kinyesi cha tembo njiani lazima akichome kidole mwenyewe ndipo akubali kuwa kimepoa, hata kama mimi nimeshakichoma changu. Ukimwambia umeshiba, anachungulia sahani. Mumewe alipoaga kwenda migodini, akaahidi kurudi Krismasi, yeye alimfungia mizigo yote mpaka viatu vya mvua. "Huyu harudi," alisema. Na kweli hakurudi.

Asubuhi hiyo ya Septemba miti ya kando ya mto Luvuvhu ilikuwa imeanza kuchipua, mvua bado, na tulikuwa tukiwatembeza wastaafu saba wa kanisa moja la Thohoyandou. Aliyemkosesha raha Vho-Tshinakaho ni mmoja wao, Vho-Nemakonde, mzee mwembamba mwenye mkoba wa zipu. Wenzake waliminyana wakimtazama pongo akinywa maji. Yeye hata shingo hakugeuza. Mamba alipoteleza kutoka mchangani na kina mama wakapiga kelele, mzee aliingiza mkono mkobani, akautoa amefumba ngumi, kisha akajifanya anakohoa.

Vho-Tshinakaho alinisubiri nimfikie. "Ntsieni, umemwona?"

"Nimemwona. Mkubwa kweli."

"Simsemi mamba! Nasema mzee. Ana kisu mle."

"Ana dawa za presha, dada. Mwache baba wa watu."

"Presha gani inamezewa vidonge kila hatua kumi?"

Hofu yake niliielewa. Mbele kidogo, ndani ya kichaka, kulikuwa na mulanga, mti ambao gome lake huwasha ulimi kuliko pilipili. Waganga wanautafuta kwa ajili ya kifua, na wauza magome wa mijini wanautafuta zaidi. Katika ukanda wetu wote mingine ilishachunwa ikafa. Ulibaki huo mmoja. Baraza la chifu lilimwambia Vho-Tshinakaho wazi kwamba ukiguswa, kazi yake imekwisha, na aliyeugusa atasimamishwa mbele ya watu ahukumiwe. Mahali ulipo tulipajua wawili, yeye na mimi.

Tulikuwa tunaukaribia mti huo pale bundi mkubwa aliporuka juu ya vichwa vyetu, mchana kweupe. Bundi kwetu hana habari njema. Mama mmoja alianza kukemea kwa jina la Yesu, na kabla hajamaliza tembo wanne wakatoka mateteni, wakasimama katikati ya njia, masikio wazi. Tuliganda. Nilishika bunduki huku nikisali kimoyomoyo, sioni haya kusema. Waliponusa wakaridhika, wakavuka mto taratibu.

Vho-Tshinakaho akawahesabu wageni. Walikuwa sita.

"Nilikwambia!" alinifokea, kana kwamba mzee nilimficha mimi. Tukawaketisha wale sita kwenye mwamba, tukaingia kichakani. Tulimkuta Vho-Nemakonde amesimama chini ya mulanga, mkono mkobani.

"Toa hicho kisu!"

"Kisu gani, mwanangu?"

Vho-Tshinakaho aliupokonya mkoba, akaukung'uta. Wakaanguka mashonzha, wale viwavi wetu wa mti wa mopane, waliokaangwa kwa chumvi na kufungwa kwenye gazeti. Mzee aliwatazama mchangani kwa uchungu mkubwa.

"Ni wachache," alisema. "Ningewagawia wenzangu sita, mimi ningeonja nini?"

Nilicheka, nikajuta. Vho-Tshinakaho hakucheka. "Na hapa umefuata nini?"

"Nimekuja kujisaidia, nikaona huu mti umepakwa matope."

Hapo ndipo tulipotazama. Gome lilikuwa limetolewa upande wa mawio na upande wa machweo, basi, na madonda yote mawili yamezibwa kwa udongo wa mtoni, tena umekauka. Mwizi wa gome huchuna kuzunguka shina lote akaenda zake. Huyu alikuwa mtu aliyefundishwa uganga.

Vho-Tshinakaho alinigeukia polepole.

"Tulipajua wawili, Ntsieni."

Damu ilinichemka. Miaka tisa! "Nitukane ukimaliza kutazama chini," nikamwambia.

Madonda yalikuwa chini sana, usawa wa goti langu. Mchangani mbele ya shina kulikuwa na mashimo mawili madogo, yamekaa sambamba. Wanaume wa kwetu hukata dawa wamesimama. Aliyekata hapa alikuwa amepiga magoti, kama mwanamke anavyompigia mkubwa wake magoti, akaomba kabla ya kuchukua.

"Ulimleta nani hapa?" nikamuuliza.

"Mama," alisema. "Mwezi wa sita. Baba anakohoa damu. Nilimwonyesha tu, akaniapia hataugusa."

Mama yake ni mganga, kila mtu anajua.

Vho-Nemakonde alijikohoza. "Mti umezibwa vizuri, mwanangu, hautakufa. Mimi nilikuja kukojoa, sikuona kitu."

"Hata mimi," nikasema. Hasira ilikuwa imeniisha, nikamwonea huruma.

Vho-Tshinakaho alitukagua mmoja mmoja, kama anayetafuta tutamdai nini kwa wema huo. Wakati huohuo redio ya kiunoni mwake ikakoroma. Kambini walitaka kujua mbona tumechelewa.

"Mulanga umekatwa," alijibu. "Aliyekata namjua."

"Nani?"

Nilimshika mkono. Akaniondoa.

"Andika Vho-Muofhe Nethengwe."

Kisha yule wa kambini, ambaye alikulia nyumba ya tatu kutoka kwao, akauliza kwa sauti ya chini, "Dada, huyo si mama yako?"

"Ndiye," alisema. "Na mimi ndiye niliyemwonyesha. Andika yote mawili."