Walipotaka Nimwite Marehemu

Siku ile nilikuwa nikifunga majani ya tumbaku kwenye fito, tayari kwa kukaushwa, na mume wangu Ochieng' alikuwa akinicheka kwamba mafundo yangu ni ya watu wa kwetu Kosele, yanafunguka kabla ya kufika bandani. Nikamwambia kama hayapendi afunge mwenyewe. Mama mkwe wangu, aliyekuwa akipepeta mtama mlangoni pake, akasema sisi wawili tutazeeka tukigombana. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na boma letu lilikuwa upande wa Migori, si mbali na mpaka wa Tanzania. Wizi wa ng'ombe tulikuwa tumeuzoea, na vijana wetu nao hawakuwa malaika.

Alasiri wezi walikuja na bunduki.

Mlio wa kwanza nilidhani ni bati linalia kwa joto. Wa pili ulimwangusha ndama.

Nilimfunga mtoto wetu mgongoni, nikamshika mama mkwe mkono, tukaingia kwenye mahindi. Ochieng' alikimbilia zizini. Nilimwita. Hakugeuka.

Tulilala chini mpaka moshi wa nyumba zetu ulipotufikia.

Wanaume walifuata nyayo za ng'ombe hadi mtoni. Kesho yake walirudi bila ng'ombe na bila Ochieng'. Mmoja alisema alimwona akianguka ukingoni, na risasi zilikuwa nyingi, hawakuweza kumrudia. Walipokwenda kumtafuta baadaye hawakukuta mtu. Nilipanda lori la wakimbizi hadi Rongo, kisha nikaenda na mtoto kwa wazazi wangu Kosele. Nilimsihi mama mkwe tuondoke pamoja, akasema atamngojea mwanawe pale pale kwenye majivu.

Mwezi haukwisha, akaja Owuor, kaka mkubwa wa Ochieng'. Alikaribishwa, akamiminiwa chai, akaanza kwa kusema, "Marehemu alikuwa ameniachia..." Nikamnyang'anya kikombe kabla hajamaliza.

Neno hilo si letu. Lilitufikia kwa redio, kwenye matangazo ya vifo, na watu wakalipenda hata wanapozungumza Kiluo. Wakishalitanguliza mbele ya jina la mtu, basi. Viatu vyake hugawanywa, mkewe huangaliwa kwa jicho lingine, na hakuna anayetoka tena kwenda kumtafuta. Katekista wetu aliwahi kutueleza kuwa marehemu ni aliyerehemiwa. Nilimwambia Owuor kwamba Mungu akitaka kumrehemu mume wangu anaweza kumrehemu akiwa hai.

Alikuwa amekuja kunichukua kwa ajili ya maziko. Kwetu, mtu akipotelea vitani au ziwani na mwili usipatikane, huzikwa yago, tunda refu zito la mti wa mvungunya, likavikwa shuka na kuliliwa kama mtu. Mimi nilitakiwa nivae koti la Ochieng' na kukaa kando ya tunda. Bila hivyo, walisema, roho yake ingetusumbua.

"Nyar Kosele," Owuor aliniita, yaani binti wa Kosele, "unataka ndugu yangu azurure porini bila kaburi?"

"Nataka umtafute," nikasema. "Hilo tunda lako halina hata kovu la mume wangu."

Aliondoka amekasirika. Walizika yago bila mimi. Tangu siku hiyo nilipiga marufuku neno lile kwa wazazi wangu, na wageni wote waliolitaja waliondoka bila chai. Watu walisema huzuni imenipanda kichwani. Mimi nilijua ni ukaidi, na kwa mara ya kwanza maishani ulinifaa. Usiku nililia, sikatai. Lakini nililia kama mke, si kama mjane.

Katikati ya hayo mama mkwe akafa. Baada ya yago kuzikwa alikuwa ameacha kula. Nilikwenda kumzika, na hata pale kaburini nikaletewa lile koti. Nikalikataa mbele ya watu wote.

Mwezi wa tano tangu apotee, siku ya soko Kosele, nilikuwa nikiuza njugu. Mtu mwenye fimbo akasimama mbele ya gunia langu, amekonda, mguu mmoja haukunjiki.

"Hizi njugu zako zina mchanga," akasema.

Nilipiga kigelegele kilichosimamisha soko zima.

Risasi ilikuwa imempiga pajani. Maji yalimsukuma ng'ambo, na mama mmoja mfugaji, wa watu wale wale tuliopigana nao, akamficha nyumbani kwake upande wa Tanzania. Aliwaambia majirani kuwa ni mtoto wa dada yake. Wanawe wenyewe walimtaka amtoe, akakataa. Nilipoyasikia hayo nilimpenda mwanamke huyo kabla sijamwona.

Ochieng' alikuwa amekuja kunichukua kwanza; alitaka twende kwa mama yake siku hiyo hiyo. Nikasema sawa, twende. Kwamba mama hayupo tena, sikumwambia.

Tulifika mchana. Wazee walitaka asipite langoni mpaka kondoo achinjwe, maana alikwisha kuzikwa. Nikawaambia wachinje yeye akiwa ameketi ndani, nikamshika mkono tukapita langoni katikati, huku wanawake wakiimba na Owuor akilia kama mtoto. Sijawahi kutembea kwa maringo kiasi kile, hata siku ya harusi yangu.

Akaona makaburi mawili.

"Lile ni lako," Owuor akamwambia, na Ochieng' akacheka, nasi tukacheka.

"Na hili jingine?"

Wote walinitazama mimi.

"La marehemu mama," nikasema.

Alikaa chini pale pale. Sikumnyamazisha. Nilikuwa nimewashinda wanaume wote wa boma lile, na najivunia mpaka leo. Lakini nilishinda nikiwa mbali. Mama niliyemshika mkono kwenye mahindi nilimwachia watu waliokuwa na uhakika, na hapakuwa na hata mmoja wa kumwambia ale, mwanawe anarudi.

Baada ya kondoo kuliwa, Ochieng' alilifukua yago lake, akasawazisha udongo, akapanda njugu. Zilistawi sana. Debe la kwanza tulilivusha mpaka, tukampelekea mama aliyebaki.